Ujuzi Usistaafu na Fundi

Majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa haina pupa kama saruji: huchomwa, huzimwa kwa maji, huachwa ikomae, na fundi hodari huijua iliyo tayari kwa kuigusa tu. Ujuzi huo haumo katika faili la ofisi; umo mikononi mwa wazee wanaokaribia kustaafu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile sote tulikumbushwa jinsi mikono ya mafundi wetu inavyohitajika.

Kumfunza mwenzio kazini si kumhutubia, wala si kumfanya mchukuzi wa ndoo. Ni kumkabidhi mwiko, kumwacha ajaribu, kumwuliza ameona nini, na kumsahihisha bila ya kumfedhehesha mbele ya watu.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara zinazohusika wampe kila fundi mkongwe kijana wa kufuatana naye, na saa za kufunza zihesabiwe kuwa ni saa za kazi. Mzee akishaaga, hatutakuwa na wa kumwuliza.