Je, Wajua? Ugonjwa wa Akili Huanza Kimyakimya

Wengi wetu hungoja mpaka mtu aanze kuokota makopo ndipo tuseme anaumwa. Kumbe kufikia hapo ugonjwa umeshakaa miezi, pengine miaka. Takribani theluthi moja ya maradhi ya akili hujitokeza kabla ya umri wa miaka 14, na karibu nusu kabla ya 18, umri ambao kila kitu husingiziwa balehe au ukaidi.

Usingizi ndio wa kuangaliwa kwanza. Kijana anakesha, asubuhi haamki. Aliyekuwa hakosi mpira jioni sasa hatoki chumbani, haogi, alama za darasani zinaporomoka, na majirani wakicheka anahisi wanamcheka yeye. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu (nani hajawahi kukosa usingizi?). Zikikusanyika, mtu akawa si yule mliyemzoea, hapo pana jambo.

Sonona nayo hupenda kujificha mwilini: kichwa kizito, tumbo, uchovu usioisha, na vipimo vya malaria na taifodi havioni kitu. Huzuni au kukosa hamu kukidumu wiki 2, anzeni na zahanati iliyo karibu. Akitaja kutaka kufa, mpelekeni siku hiyohiyo.