Mota ya Hatua na Kiendeshi Chake

Mota ya kawaida ikipewa umeme huzunguka, na ikinyimwa husimama popote ilipofikia. Mota ya hatua haiko hivyo. Kila amri moja ya umeme huisogeza shafti yake kwa pembe ileile, kisha shafti hushikwa papo hapo mpaka amri nyingine ifike. Ndiyo maana mota za namna hii huvuta karatasi katika mashine nyingi za kuchapia, na ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kuunda mashine ya kuchora inayoongozwa na kompyuta hana budi kuzifahamu. Aina iliyoenea sana katika kazi hizo ina uso wa mraba wenye upana wa milimita 42 hivi, nayo hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua.

Hesabu hiyo ya 200 haikutoka hewani. Ndani ya mota mna rota yenye sumaku ya kudumu, iliyovikwa vichwa viwili vya chuma vyenye meno 50 kila kimoja. Stata inayoizunguka ina makundi mawili ya koili. Mkondo ukigeuzwa kwa zamu katika makundi hayo, baada ya mageuzi manne rota huwa imesogea nafasi ya jino moja; na 50 mara 4 ni 200.

Lakini mota hii haina macho. Kompyuta hutoa amri na kuamini kwamba kila amri imetiiwa. Mzigo ukiishinda nguvu rota, hatua hupotea wala hakuna anayearifiwa, na mchoro uliobaki wote huenda upande. Kwa hiyo swali la msingi katika uchaguzi ni hili: je, mota na kiendeshi chake vitaweza kutimiza kila hatua kwa mwendo unaotakiwa?

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na kibandiko cha mota. Chukua mota yenye koili za ukinzani wa omu 1.65, induktansi ya milihenri 3, na mkondo wa ampea 1.7. Zidisha mkondo kwa ukinzani, utapata volti 2.8, na pengine ndivyo ilivyoandikwa. Mwanafunzi mwangalifu atatafuta umeme wa volti 2.8, na mashine yake itashindwa.

Tuseme mota hiyo inavuta mkanda kwa puli yenye meno 20, meno yakiachana kwa milimita 2. Mzunguko mmoja ni milimita 40, na hatua moja ni milimita 0.2. Kalamu ikitakiwa kwenda milimita 200 kwa sekunde, mota izunguke mara 5 kwa sekunde, nazo ni hatua 1,000. Kila hatua ina milisekunde moja tu. Koili, kwa upande wake, hupinga mabadiliko ya mkondo. Gawanya induktansi kwa ukinzani, upate milisekunde 1.8: huo ndio muda ambao mkondo huhitaji kufikia asilimia 63 tu ya kiwango chake. Kabla mkondo haujakomaa, hatua nyingine imekwisha amriwa. Tena rota inayozunguka huzalisha umeme wake wenyewe unaoupinga ule unaoingia. Nguvu hudhoofika, na hatua hupotea.

Dawa yake ni kutumia volti nyingi na kuuchunga mkondo. Kwa volti 24 mkondo hufikia ampea 1.7 kwa muda usiotimia robo ya milisekunde. Hapo kiendeshi huukata, huuacha upungue kidogo, huuunga tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Mota hiyo ikiunganishwa na volti 24 bila kiendeshi cha namna hii, mkondo utapanda hadi karibu ampea 14.5, na koili zitaungua.

Basi namba ya kuangaliwa ni ampea. Chipu ya A4988, inayotumika katika vibao vingi vya bei nafuu, hupokea volti 8 hadi 35 na husifiwa kwa ampea 2. Lakini bila kipande cha chuma cha kupozea, ampea 1 hivi ndiyo ya kutegemewa. Je, yatosha? Mkokoteni wa kalamu wenye uzito wa kilo 1, ukiongezewa mwendo kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, wataka nyutoni 2. Tuongeze nyutoni 4 za msuguano. Kwa puli yenye nusu kipenyo cha milimita 6.4, nguvu ya kusokota inayotakiwa ni karibu nyutoni-mita 0.04. Mota nyingi za ukubwa huu hushika nyutoni-mita 0.4 zikiwa zimesimama. Ampea 1 itatoa kama asilimia 60 ya hiyo, nayo hupungua zaidi kadiri mwendo unavyozidi, lakini kwa kazi hii nafasi ipo. Kununua mota kubwa zaidi kungekuwa kupoteza fedha.

Kiwango cha mkondo huwekwa kwa skrubu ndogo juu ya kibao. Volti inayopimwa hapo ni mara 8 ya mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa resista za kupimia. Resista zikiwa za omu 0.1, ampea 1 ni volti 0.8, zikiwa za omu 0.05, volti 0.8 hiyo hiyo huwa ampea 2. Resista hizo hazifanani katika vibao vyote, hivyo zisomwe kwanza.

Mota ndogo ya 28BYJ-48 ni kisa kingine. Koili zake zina ukinzani mkubwa unaouzuia mkondo wenyewe, hivyo volti 5 zilizoandikwa zifuatwe, na chipu ya ULN2003 yatosha kuiendesha. Kwa gia zake, shafti huzunguka mara moja kwa hatua 2,048 hivi. Yafaa kwa kazi za polepole.

Mota iliyotolewa katika mashine mbovu yenye nyaya nne ina koili mbili: nyaya zinazoonyesha ukinzani mdogo kati yake ni za koili moja. Asiye na mita aunganishe nyaya mbili na kuizungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito, jozi imepatikana. Mota isichomolewe kamwe katika kiendeshi wakati umeme unapita, kwani koili hurusha volti kubwa inayoua chipu.

Mwisho, puli itiwe alama, mota iamriwe kwenda mizunguko 20 kwa kasi na kurudi. Alama isiporudi mahali pake, hatua zimepotea: mwendo uanze polepole zaidi, au volti ziongezwe ndani ya mpaka wa kiendeshi.