Sabuni ya kunyolea inanuka: uitupe ao uiokoe?

Wandugu wa Burungu, Masisi na Walikale, wengi wetu tunanyoa ndevu kwa kipande cha sabuni ya kawaida, ile inayopikwa kwa mafuta ya ngazi na soda kostiki. Siku moja unafungua mkebe, harufu mbaya inakupiga. Juu ya nini?

Mara nyingi ni mafuta. Yale ambayo soda haikuyageuza kuwa sabuni yanaharibiwa polepole na hewa, joto na mwanga, sawa na mafuta ya zamani jikoni. Kutu ya mkebe inaharakisha mambo. Ndipo unaona madoa ya rangi ya chungwa. Kupakaza manukato ni kufunika harufu tu.

Fanya hivi: kwangua sehemu ya juu kwa kisu. Kama ndani hainuki, suuza, halafu anika kivulini penye hewa siku mbili ao tatu. Milimani kwetu mvua ni nyingi, kwa hiyo usifungie sabuni yenye maji ndani ya mkebe. Iweke juu ya vijiti, maji yachuruzike.

Kama ndani pia inanuka, hiyo ni ya kufulia nguo. Iko na ukungu? Tupa. Usijaribu kuipika upya na soda kwa kukisia: soda ikizidi inaunguza ngozi na macho.

Na tusisahau: sabuni ya kunukia vizuri haisafishi wembe. Kila mtu na wembe wake, maana hata damu kidogo inaweza kupitisha homa ya ini.