Papa, Usiandike Meseji: Piga Simu

Mfikirie msichana wa miaka 9 aliyekaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa parokia, hapa Kalemie, akingoja jina lake liitwe. Kwaya inachagua watoto watakaoimba na kuigiza katika mchezo wa Noeli. Wiki nzima ameuimba wimbo wake huku akitwanga sombe, mpaka majirani wameushika. Sasa koo limemkauka, viganja vimelowa jasho, mguu hautulii. Mama yake amemwinamia sikioni: inua kidevu, usisahau ubeti wa pili, usituaibishe mbele za watu.

Mama huyo anampenda mwanawe. Lakini katika dakika zile za mwisho anampa kile ambacho mwili wa mtoto hauwezi kukitumia, na anamnyima kile unachokililia.

Ubongo ukiona macho ya watu wanaokuja kukuhukumu, unapiga kengele ileile ambayo ungeipiga kwa nyoka. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo: moyo unaenda mbio, pumzi inapanda kifuani na kuwa fupi, mate yanapungua. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo hukaa damuni muda mrefu zaidi. Kwa anayetaka kukimbia, maandalizi hayo ni mazuri. Kwa anayetaka kuimba ni hasara tupu, kwa sababu wimbo hutegemea pumzi ndefu inayotoka chini na kinywa chenye unyevu. Mtoto anayekwama kwenye ubeti wa kwanza si mvivu wala hakusahau kufanya mazoezi. Mwili wake unajiandaa kwa kazi nyingine.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitunga jaribio la kuuamsha woga huo makusudi: mtu anasimama, anahutubia, kisha anapiga hesabu kwa sauti mbele ya watu wasiotabasamu. Ukiondoa hesabu, huo ni mchujo wa kwaya. Tangu hapo jaribio hilo limetumika duniani kote, hata kwa watoto, na kotisoli hupimwa kwenye mate.

Mwaka 2010, Leslie Seltzer na wenzake wa Wisconsin, Marekani, waliwapitisha humo wasichana 61 wa miaka 7 hadi 12. Baadaye baadhi yao walikumbatiwa na mama zao, wengine walizungumza na mama kwa simu tu, na waliobaki walitazama filamu. Kwa waliokumbatiwa na waliopigiwa simu, oksitosini, homoni ya kumtuliza mtu na kumfunga na wapendwa wake, ilipanda kwa kiwango kinachokaribiana, na kotisoli yao ikashuka upesi kuliko ya wale wa filamu. Sauti peke yake ilifanya kazi ya mikono. Miaka miwili baadaye walijaribu tena, safari hii wakiongeza kundi la wasichana waliowasiliana na mama kwa maandishi. Homoni zao zilifanana na za watoto ambao hawakuwasiliana na mama kabisa. Maneno ya kutia moyo yalikuwapo kwenye skrini, lakini mwili haukuyasikia.

Kwa mji kama wetu matokeo hayo ni habari njema. Wazazi wengi wa Kalemie wako safarini: mmoja yuko Kabalo kwa kazi ya reli, mwingine amevuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta bidhaa. Si lazima awe kwenye lile benchi. Inatosha krediti ya kupiga simu kwa dakika tano, na dakika hizo zitumike kuongea kama wanavyoongea nyumbani. Masahihisho yalikuwa na wiki nzima.

Dawa hii, hata hivyo, ina umri wake. Mwaka 2015 watafiti Camelia Hostinar, Anna Johnson na Megan Gunnar walilinganisha watoto wa miaka 9 na 10 na vijana wa miaka 15 na 16. Kila mmoja aliandaa hotuba pamoja na mzazi au pamoja na mtu asiyemjua. Kwa wadogo, mzazi aliizuia kotisoli kupanda. Kwa vijana, kuwapo kwake hakukuleta tofauti hiyo. Kwa hiyo kijana akikuambia, "Mama, nisubiri nje," usiumie moyo. Mwache aende na rafiki yake.

Mvulana ana jambo la ziada. Katika kubalehe zoloto hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene, na sauti hushuka karibu oktava nzima. Wale wavulana wa Kamina walioimba misa iitwayo Missa Luba pamoja na walimu wao na kuzunguka Ulaya mwaka 1958, chini ya Padri Guido Haazen, walikuwa wa miaka 9 hadi 14, yaani kabla sauti haijavunjika au ndiyo inaanza kuvunjika. Mwambie mwanao mapema kwamba sauti inayokatika katikati ya noti si ugonjwa wala aibu, kisha mwombe mwalimu wa kwaya amshushie wimbo. Nadhani tunapoteza waimbaji wengi wa kiume kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewaeleza sentensi hiyo moja.

Nao waamuzi je? Mtafiti Chia-Jung Tsay alionyesha mwaka 2013 kwamba watu, wakiwemo wanamuziki wenyewe, waliwatambua washindi wa mashindano ya muziki vizuri zaidi kwa kutazama video isiyo na sauti kuliko kwa kusikiliza sauti bila picha. Jicho hulitangulia sikio. Basi nyumbani usimfanyishe mtoto mazoezi ya wimbo tu. Panga viti uani, waketishe shangazi na majirani, waambie wasicheke, na mtoto aingie, asalimu, asimame, ndipo aimbe. Akirudia hivyo mara nne au tano, yale macho yatakuwa ameyazoea.

Akikataliwa, mweleze ukweli wa jukwaa. Katika The Lion King, mchezo wa nyimbo ulioanza Broadway mwaka 1997, nafasi ya Simba mdogo huigizwa kwa zamu na watoto zaidi ya mmoja, na urefu wa mwili una kikomo. Mtoto anaweza kuimba vizuri kuliko wote na bado akakosa nafasi kwa sababu ya sentimita mbili. Hata kwaya ya mtaani huangalia nani analingana na nani. Njiani kurudi nyumbani, mwambie kitu kimoja alichokifanya vizuri leo ambacho wiki iliyopita hakukiweza. Swali la kwa nini hawakumchagua, mwache aliulize mwenyewe akiwa tayari.

Na wewe papa uliye Kabalo, uliza siku na saa ya mchujo. Robo saa kabla ya hapo, piga simu.