Gia Ikilia, Tazama Klachi

Gia inayosaga meno wakati wa kuingizwa, trekta likiwa limesimama na injini inanguruma, mara nyingi si gia mbovu. Ni klachi isiyokata. Dereva amekanyaga pedali mpaka chini, lakini ndani sahani ya klachi bado inachukuliwa na flaiwili, na shafti ya giaboksi inazunguka pamoja nayo. Upande mmoja wa gia umeshikana na magurudumu yaliyotulia, upande wa pili unakimbia na injini. Meno yakikutana hivyo yatalia tu, hata yawe mapya ya kiwandani.

Hata hivyo, masika yanapokaribia na mabonde ya mpunga ya Tumbe na vijiji vya jirani kaskazini mwa Pemba yanasubiri kuchimbwa na kuburugwa, swali linalofikishwa kwa fundi ni lile lile: oili gani nzito itaituliza gia? Swali hilo linataja dawa kabla ugonjwa haujapimwa. Linachukulia kwamba gia zimekwisha, tena kwamba chuma kilichokwisha hufidiwa kwa uzito wa oili. Dhana ya kwanza mara nyingi si kweli. Ya pili si kweli hata siku moja.

Mfano mzuri ni Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa mwaka 1964 na ambalo sura yake inajulikana kote Afrika Mashariki, pamoja na ndugu zake 35, 165 na 240. Klachi ya matrekta haya ni kavu. Imekaa katika chumba chake, kati ya injini na giaboksi, na kazi ya sili za mbele na nyuma ya chumba hicho ni kuizuia oili isiingie. Kwa hiyo oili inayomiminwa kwenye giaboksi, iwe nyepesi au nzito, haifiki kwenye klachi. Na ikifika, huo ni ugonjwa mwingine: sili imepasuka, na sahani iliyolowa oili itateleza. Mtu anayetibu klachi isiyokata kwa kubadilisha oili ya giaboksi ni sawa na anayepaka dawa mguu wa kulia na kidonda kiko mguu wa kushoto.

Imani hii haifi kwa sababu oili nzito kweli hupunguza kelele. Utando wake mnene hukaa kati ya meno na kuufunika mlio wa gia na beringi. Tena huzikaba shafti zilizo huru, zikasimama upesi zaidi pedali inapokanyagwa, na klachi iliyokuwa inashika kidogo ikaonekana imepona. Dereva hurudi nyumbani ameridhika. Lakini ndani ya giaboksi hakuna kilichotengenezwa. Oili iliyo nzito kupita kipimo huchelewa kupenya kwenye beringi na bushi asubuhi trekta likiwa baridi, na huko ndiko chuma kinakolika zaidi. Ile klachi nayo inaendelea kushika, na kila gia inapolazimishwa kuingia, kipande kidogo cha jino kinamegeka. Baada ya msimu mmoja au miwili ya tiba hiyo, gia zinakuwa zimekufa kweli. Mwenye trekta husema aliona mapema, kumbe ameziua mwenyewe.

Grisi, inayotiwa na wengine badala ya oili nzito, ni mbaya zaidi. Gia inapozunguka ndani ya grisi huichimbia njia: grisi hurushwa ukutani na kuganda huko, na meno hubaki yakisagana makavu katika handaki yalilojichimbia. Oili hurudi chini na kuyaogesha meno tena, grisi hairudi. Unga wa mbao, unaotajwa pia kama dawa, ni hila ya zamani ya wauzaji wa magari mabovu, waliotaka giaboksi inyamaze mpaka mnunuzi aondoke. Haikukusudiwa kutengeneza chochote, wala haijawahi kutengeneza chochote.

Kuna hasara nyingine ambayo wanaotoa ushauri huu hawaitaji kamwe. Katika matrekta haya oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni moja, zaidi ya lita 30 zinazozunguka katika mwili mmoja. Pampu inayoinua mikono ya nyuma imezama humo humo na huvuta oili kupitia chujio. Grisi na unga wa mbao huenda moja kwa moja kwenye chujio hilo. Pampu ikikosa oili hulia, huchemka na hulika, na jembe halinyanyuki tena. Aliyetaka kukwepa gharama ya sahani ya klachi amejinunulia pampu, na amemwaga lita 30 za oili iliyochafuka. Zaidi ya hayo, amemnyamazisha shahidi: kelele ndiyo inayomwambia fundi ni shafti gani, beringi gani na jino gani. Giaboksi iliyojazwa uji haisemi kitu mpaka siku inapovunjika bondeni.

Sababu ya klachi kutokata, katika mahali kama Tumbe, si ya kutafutwa mbali. Trekta hufanya kazi usiku na mchana kwa wiki chache, kisha husimama miezi, karibu na bahari, katika hewa yenye unyevu na chumvi. Chini ya chumba cha klachi kuna tundu la kutolea oili iliyovuja, na trekta linapozama kwenye tope la bondeni, tundu hilo huingiza maji. Maji yakikaa baina ya sahani na flaiwili, kutu huvigandisha pamoja. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ni hili: trekta limesimama muda gani? Lililokuwa linaingia gia vizuri mwezi wa Juni na likagoma mwezi wa Februari bila kufanya kazi halikumaliza gia zake kwa kulala. Sababu nyingine ni pedali yenye nafasi ya kucheza iliyo kubwa kupita kiasi, fimbo na pini za pedali zilizolika, vidole vya presha pleti vilivyopinda au kuvunjika, sahani iliyojikunja kwa joto, na kitovu cha sahani kilichoshika kutu kwenye shafti.

Upimaji, isipokuwa ule wa oili, hauhitaji kufungua nati hata moja. Kwanza, injini ikiwa taratibu na gia huru, pedali ikanyagwe mpaka mwisho na kushikiliwa kwa sekunde kumi, ndipo gia iingizwe. Ikiingia kimya, klachi ni nzima na tatizo ni haraka ya dereva, kwa kuwa gia za aina hii za zamani hazina sinkronaiza na lazima zisubiriwe zitulie. Ikilia hata baada ya kusubiri, klachi haikati. Injini ikizimwa na gia ile ile ikaingia bila ugumu, ushahidi umekamilika.

Pili, kuteleza. Katika uwanja wazi, gia ya juu iingizwe, breki zikazwe, pedali iachiwe pole pole. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Jaribio lisirudiwe, maana kila mara linaunguza sahani.

Tatu, kelele. Gia ikiwa huru na mguu uko nje ya pedali, mlio unaosikika na kupotea pedali inapokanyagwa unatoka ndani ya giaboksi, kwenye beringi za shafti ya kuingilia au shafti ya chini. Mlio unaoanza pale pedali inapokanyagwa ni wa beringi ya klachi. Mlio wa gia moja tu unapolima ni wa meno ya gia hiyo. Mlio unaosikika katika gia zote trekta likitembea, na unaobaki hata likiserereka na gia huru, uko nyuma, kwenye difu.

Nne, gia inayochomoka yenyewe kwenye mzigo au mteremko. Hapa klachi haihusiki. Meno yamelika kwa mshazari, au uma wa gia umekwisha, au springi na kipira cha kushikia gia vimechoka, au beringi imelegea na shafti inayumba.

Tano, oili yenyewe. Imwagwe kidogo juu ya kitambaa cheupe na ipitishiwe sumaku. Ujiuji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole ni meno. Chembe za njano ni bushi. Oili nyeupe kama tui imeingia maji, jambo la kutarajiwa kwa trekta la mpunga, na ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Tiba ni fupi. Pedali yenye nafasi ya kucheza isiyo sawa irekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha trekta husika. Hii ni kazi ya spana mbili na ifanywe kabla ya nyingine yoyote. Klachi iliyoganda kwa kutu: pedali izuiwe chini kwa gogo, injini ichemshwe gia ikiwa huru. Klachi isipoachia, trekta livutwe na jingine katika uwanja usio na watu, gia ya juu, pedali chini, breki zikamatwe kwa mkupuo. Sahani iliyolowa oili haioshwi kwa petroli, kwani imeshainywa oili hiyo, na petroli kwenye chumba kinachotoa cheche ni moto. Ibadilishwe pamoja na sili iliyovuja. Injini na giaboksi vikitenganishwa, kabari za mbao ziwekwe kati ya ekseli ya mbele na injini isipinduke, na sahani, presha pleti na beringi ya klachi vibadilishwe kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni kubwa kuliko bei ya beringi. Gia iliyovunjika meno ibadilishwe pamoja na mwenzake inayosagana nayo. Oili iwe ya daraja lililoandikwa kitabuni, wala si zaidi. Spea ikikosekana Wete au Chake Chake na ikabidi iagizwe Unguja au Dar es Salaam, trekta lisubiri. Kulilazimisha siku tatu kunaweza kuongeza giaboksi nzima kwenye orodha.

Kinga ni ya bure. Msimu ukiisha, trekta liwekwe chini ya paa, tundu la chumba cha klachi lizibuliwe tope, injini iwashwe mara moja kila wiki chache na pedali ikanyagwe mara kadhaa. Katikati ya siku hizo pedali ikae imezuiwa chini kwa kipande cha ubao, ili sahani isigusane na flaiwili na kutu ikose pa kuvishikanisha.