Chakula Salama kwa Mwenye Utumbo Unaokereka

Mama mmoja, mkazi wa kata ya Kambarage mjini Shinyanga, alinijia akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti. Nitabadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike. Ni muuza mchele, mwenye umri wa miaka thelathini na ushei. Katika vyeti vile nilihesabu matibabu saba ya taifodi, manne ya amiba na moja la vidonda vya tumbo, yote katika muda wa miaka mitatu. Hata hivyo, si maumivu yaliyomleta siku ile. Alikuja kwa sababu vyakula vyake vilikuwa vimebaki viwili: uji mweupe usio na sukari, na ugali kwa chumvi. Kilo tisa zilikuwa zimemtoka. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kama inavyonong'onwa juu ya kila anayekonda, na mama mkwe wake aliona kwamba mkamwana anayekataa kula sahani moja na wenzake ana jambo analolificha.

"Daktari," aliniambia, "nitajie chakula kimoja tu ambacho hakitanidhuru."

Sikuweza kumjibu siku hiyo, na ni vema msomaji ajue sababu. Maradhi aliyokuwa nayo, ambayo kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuyaita utumbo unaokereka, hayaachi kidonda wala uvimbe. Hayaonekani katika kipimo cha damu wala kwa kamera inayoingizwa tumboni. Tunayatambua kwa historia ya mgonjwa. Vigezo vya Roma, vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo yanayorudi angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yakiandamana na angalau mawili kati ya haya: yawe yanahusiana na kwenda haja, idadi ya safari za chooni iwe imebadilika, au sura ya choo iwe imebadilika, leo kigumu kama kinyesi cha mbuzi, kesho maji matupu. Dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi sita nyuma.

Mtu aliyekonda kwa kilo tisa hapewi jina hilo kabla ya kuchunguzwa, na hasa huku kwetu. Kichocho cha tumbo kimeenea katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria, Geita ikiwamo, nacho huweza kuiga kila dalili niliyoitaja. Minyoo, giardia na VVU navyo vyaweza kuiga. Damu kwenye choo, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, kukonda pasipo sababu, au maumivu mapya kwa aliyevuka miaka hamsini: yeyote mwenye mojawapo ya hayo aanzie hospitali. Asianzie jikoni. Mama huyu vipimo vyake vyote vilirudi safi. Kilichomkondesha kilikuwa njaa aliyojitwisha mwenyewe kwa hofu.

Na zile taifodi saba? Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika sana katika zahanati na maabara zetu, hutafuta kingamwili. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Aliyewahi kukutana na bakteria huyo au jamaa zake zamani anaweza kuonekana ana taifodi leo hii, na akapewa dawa za kuua bakteria, nazo zikavuruga zaidi wale wema wanaoishi utumboni. Sisemi kwamba hakuwahi kuugua kabisa. Yamkini aliugua mara moja, kwa sababu takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaopata maambukizi makali ya tumbo hubaki na utumbo unaokereka baada ya vijidudu kwisha. Katika mji wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na bakteria mwezi Mei 2000, watu wapatao 2,300 wakaugua na saba wakafa. Waliofuatiliwa miaka iliyofuata walionyesha jambo hilo waziwazi. Ukizingatia visima na mito tunayochota maji, si ajabu kwamba wagonjwa wa namna hii tunao wengi.

Sasa tuingie jikoni. Zipo sukari na wanga mfupi ambavyo utumbo mwembamba hauvifyonzi vizuri. Vikiteremka chini huvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huvichachua na kutoa gesi. Jambo hili humtokea kila binadamu. Tofauti ni kwamba neva za mwenye utumbo unaokereka huuhisi mvutano huo mdogo kama kisu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wakiwamo Peter Gibson na Susan Shepherd, ndio walioziweka sukari hizo katika kundi moja mwaka 2005. Mwaka 2014 chuo hicho kilichapisha jaribio la watu 30 wenye ugonjwa huu na 8 wasio nao; kila mmoja alikula mlo wenye sukari chache za kuchachuka kwa siku 21, na mlo wa kawaida wa Australia kwa siku nyingine 21. Kwa wagonjwa, kero za tumbo zilishuka kufikia takriban nusu.

Lakini orodha za Melbourne ziliandikwa kwa jiko la Melbourne. Nimewahi kumwona mgonjwa akiwa na karatasi iliyochapwa kutoka mtandaoni, ikimshauri ale tunda la kiwi na jibini ya Uswisi. Aliiweka mfukoni kama hirizi na akaendelea kulala njaa.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya chungu cha Msukuma ni rafiki wa tumbo hili. Mchele, mahindi, mtama, uwele na ulezi vina sukari hizo kwa uchache. Ugali wa sembe na wali havina hatia. Anayesumbuliwa na pumba za dona apunguze dona. Nyama, kuku, mayai, sato na dagaa havina kabisa sukari za kuchachuka. Kinachosumbua ni mafuta mengi ya kukaangia na kitunguu cha mchuzi. Karanga ni salama kwa kiasi cha kawaida. Bamia na mlenda vina ule ute ambao ni nyuzi zinazoyeyuka, na nyuzi za aina hiyo hulainisha choo bila kuukwaruza utumbo kama zifanyavyo pumba za ngano.

Mkosaji mkubwa ni kitunguu, pamoja na nduguye kitunguu saumu. Vyote vina fruktani, wanga ambao hakuna binadamu mwenye uwezo wa kuumeng'enya. Hapa ndipo akina mama hukata tamaa, maana mchuzi bila kitunguu utaitwaje mchuzi? Kuna hila inayotokana na kemia: fruktani huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Kaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu katika mafuta hadi vinukie, vitoe vyote, ndipo uweke nyanya. Harufu itabaki, fruktani itakuwa imetoka. Ukivitoa baada ya kutia maji umechelewa. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani peke yake, nayo yanafaa.

Ngano nayo ina fruktani. Wengi husema chai ya maziwa ndiyo inayowachafua asubuhi, kumbe wamekunywa kikombe kimoja na kula chapati tatu. Jaribu chai ileile kwa viazi mviringo vya kuchemsha au vitumbua vya mchele kabla ya kuyahukumu maziwa. Kuhusu maziwa yenyewe, watu wa ukanda huu hawafanani. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya Waafrika Mashariki, hasa wenye asili ya ufugaji, wana mabadiliko ya jeni yanayowawezesha kumeng'enya maziwa hadi utu uzima, tena si yale ya Wazungu; yalizuka huku kivyake. Kwa hiyo jirani yako anaweza kunywa kibuyu kizima, wewe glasi moja ikakuangusha. Maziwa mgando yana laktosi pungufu, kwa sababu bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu yake.

Dengu, choroko na maharage ni jambo la uchungu zaidi, maana ndiyo protini ya mwenye kipato kidogo, na dengu ya Shinyanga ni zao la fedha pia. Simkatazi mtu moja kwa moja. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya na uyamwage tena mara moja zikianza kulainika. Sehemu ya sukari za kuchachuka huondoka na maji hayo. Anza na vijiko viwili, usianze na bakuli.

Viazi vitamu vina sukari iitwayo manitoli, hivyo kipimo ndicho kinachoamua. Kipande cha ukubwa wa nusu ngumi kwa wengi hakina neno. Tahadhari ni kwenye michembe na matobolwa: vimekaushwa, maji yametoka, sukari imebaki. Konzi moja unayotafuna ukizungumza barazani inaweza kuwa viazi viwili vizima. Kwa matunda, chungwa, nanasi na papai huvumiliwa vizuri. Embe, tikiti maji na asali vina fruktosi ya ziada, na ndizi iliyoiva hadi kuwa na madoa ina fruktani kuliko ile iliyoiva kidogo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2008 ulishauri matunda yasizidi mafungu matatu kwa siku, na chai na kahawa visizidi vikombe vitatu. Msimu wa maembe ukifika, ushauri huo ni mgumu kuliko unavyosikika.

Machimboni Geita hali ni nyingine. Kijana wa Nyarugusu au Rwamagasa hana jiko. Anakula kwa mama lishe, tena baada ya kukaa shimoni tangu alfajiri bila kitu. Usiku anapata sahani ya wali maharage iliyojaa, pilipili, na kinywaji cha kuongeza nguvu chenye kafeini. Hata tumbo zima lingelalamika. Kwa vijana hawa nahimiza kwanza muda kabla ya orodha: kula kidogo mara tatu, kubeba karanga na kiazi cha kuchemsha, kuomba samaki wa kuchoma badala ya maharage siku za kusumbuliwa. Anayechoma zebaki na ana mikono inayotetemeka au fizi zinazouma amweleze daktari kazi yake, maana hilo si suala la mlo. Na akina mama wanaotafuna udongo unaouzwa kwa jina la pemba wajue kwamba hufunga choo, na kwamba uchunguzi uliochapishwa 2014 kuhusu wajawazito wa Geita ulikuta ndani yake aseniki na metali nyingine.

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuacha vyote na kutorudisha kitu. Mlo huu una mwanzo na mwisho. Punguza sukari za kuchachuka kwa wiki nne hadi sita, si zaidi. Usipoona nafuu, rudi kwenye chakula chako. Tatizo liko kwingine. Ukiona nafuu, rudisha aina moja moja: siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kipimo cha kawaida, huku ukiandika kwenye daftari la shule ulichokula na tumbo lilivyojibu. Pumzika siku mbili tatu, kisha jaribu kingine. Bakteria wema huhitaji sukari hizi, na kuwanyima kwa miaka ni kujidhuru kwa njia nyingine. Mtoto, mjamzito au aliyekwisha kukonda asifanye hivi bila usimamizi.

Mama wa Kambarage tulimwanzisha kinyume, kwa kuongeza: wali na sato siku ya kwanza, yai siku ya pili, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga siku ya nne. Alipolala usiku ule bila kusokotwa alidhani ni bahati. Wiki ya tisa alikuwa amerudisha kilo nne na daftari lake lilikuwa na vyakula kumi na saba. Choroko anakula vijiko vitatu, maziwa mgando kikombe, chapati nusu. Embe linamshinda hadi leo. Mara ya mwisho alikuja na mama mkwe wake, aliyetaka kuniuliza jambo moja tu: kitunguu saumu kitolewe kikiwa cheupe bado, au kikishageuka rangi.

Nilimwambia kikianza kugeuka rangi, kabla ya kuungua.