Damu ikiganda mshipani, kipimo husema nini?

MAMA aliyejifungua kwa upasuaji majuma mawili yaliyopita anaamka asubuhi na kukuta mguu wake wa kushoto umevimba kuliko wa kulia. Shavu la mguu linamuuma akikanyaga. Jirani anasema ni uchovu tu, akandwe kwa maji moto. Anaenda zahanati, anatolewa damu, na jioni anarudi nyumbani na karatasi yenye alama kwamba kiwango kimepita kawaida. Nyumba nzima inashikwa na hofu.

Je, karatasi hiyo imesema nini hasa?

Damu huganda ili kuziba jeraha. Protini iitwayo faibrini hujisuka kama wavu na kunasa chembe za damu. Kazi ikiisha, mwili wenyewe huukata wavu huo, na vipande vyake huelea katika damu. Kipimo cha D-dima hutafuta vipande hivyo. Bonge lenyewe hakilioni. Kinaona makombo yake tu.

Taabu ni kwamba makombo haya hutoka kwingi. Mja mzito huwa nayo mengi, na mama aliyetoka kujifungua vivyo hivyo. Aliyefanyiwa upasuaji, mwenye nimonia, mgonjwa wa saratani, hata mzee asiyeumwa na chochote, wote wanaweza kupatikana na kiwango cha juu. Mwaka wa 2020, Covid-19 ilipoenea, kipimo hiki kilipata umaarufu kwani wagonjwa wengi mahututi walikuwa na viwango vilivyopanda sana. Basi mama yetu angepata alama hiyo hata kama mguu wake haukuwa na bonge lolote.

Manufaa yake makubwa ni kukanusha. Mathalan, kijana amesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Busia hadi Mombasa, naye ana maumivu kidogo mguuni. Daktari akimchunguza na kuona hatari ni ndogo, kisha D-dima ikawa chini ya nanogramu 500 kwa mililita, aghalabu anaweza kumwambia aende nyumbani bila kulipia picha. Kwa waliopita miaka 50, madaktari wengi huzidisha umri kwa 10, hivi kwamba mtu wa miaka 70 anaruhusiwa kufika 700.

Lakini tahadhari na tarakimu hizo. Maabara nyingine hutumia hesabu tofauti, ambapo 250 ni sawa na 500 ya kwingine, na nyingine huandika kwa maikrogramu. Nimewaona watu wakilinganisha karatasi za maabara mbili na kudhani wamepona, au wamezidiwa, kumbe vipimio tu ndivyo vilivyobadilika. Soma kiwango cha kawaida kilichochapishwa kando ya jibu lako.

Damu yenyewe hutiwa katika chupa ndogo yenye kifuniko cha samawati, iliyo na dawa ya sitreti ya kuizuia isigande: sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Isipojaa hadi alama, jibu huharibika, kwa hivyo usikasirike ukiambiwa utolewe nyingine.

Pia mweleze daktari ikiwa umeanza kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, au ikiwa dalili zina majuma kadhaa. Katika hali hizo kiwango kinaweza kushuka ilhali bonge lingalipo. Wanaotumia warfarini wana kipimo chao tofauti, INR, kinachoonyesha ikiwa dawa imetosha. Kwa wengi wenye bonge mguuni hulengwa kati ya 2 na 3. Wengine huchanganya vipimo hivi viwili.

Turudi kwa yule mama. Hatari yake ni kubwa tangu mwanzo, na kwa maoni yangu pesa za D-dima zingeongezwa kwenye ultrasaundi ya mguu, ambayo huonyesha mshipa wenyewe na kama damu inapita. Ingefaa aifanyiwe siku hiyo hiyo, na mguu usikandwe. Akianza kukosa pumzi ghafla, kuhisi kichomi kifuani au kukohoa damu, huenda bonge limefika mapafuni. Hapo asisubiri jibu la maabara yoyote. Akimbizwe hospitali yenye idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane.